Soksi Mbili za Rangi Moja

Mwanamke akikasirika kidogo hufunga mlango. Akikasirika sana hufunga nguo. Yule ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, kwa sababu hakuna gauni lililowahi kumshinda, alikuwa amezipita hatua zote mbili. Asubuhi ile ya Jumamosi alikuwa amepiga magoti sakafuni, anaifunga cherehani yake ndani ya shuka la kitanda.

Nguo zilikuwa bado kabatini. Nguo hununuliwa. Cherehani ndiyo ilikuwa mkono wake wa tatu, na mtu hauachi mkono wake katika nyumba asiyokusudia kurudi.

Alipokaza fundo, shuka lilishika doa la mafuta mabichi. Alilitazama, akaona ni uchafu tu, akaendelea kufunga.

Mume wake alisimama mlangoni akiwa na fulana, shati la bluu mkononi. Huyu wenzake wa bendi walimwita Besi, kwa kuwa alipiga gitaa la besi, lile la nyuzi nne nene ambalo watu hulicheza bila kujua wanalicheza. Alikuwa mrefu, vidole vimeota sugu, na maneno yake yalikuwa machache kama mvua ya kiangazi.

"Unaipeleka kutengenezwa?" aliuliza.

"Naipeleka kwa mama."

"Mama ana nguo za kushona?"

"Mama ana mtoto wa kupokea."

Kidole cha shahada cha Besi kilianza kugonga paja, taratibu, kama alivyofanya kila alipotafuta sauti ambayo haijapatikana. Fundi alikitazama kidole kile na moyo ukamruka. Laiti angejua namna ya kukikasirikia kidole, mambo yangekuwa rahisi.

"Mke wangu, sielewi."

"Huelewi? Basi keti ueleweshwe." Alivuta daftari dogo lenye jalada jekundu lililoandikwa 'Shukrani' kutoka chini ya mto. "Unalijua hili?"

"Ni daftari langu la kazi."

"La kazi, ndiyo. Lilianguka Alhamisi, likafunguka, nilipokuwa nashona mkanda wa begi la gitaa lako. Mkanda ule, kwa taarifa yako, haukujishona. Sasa sikiliza maandishi yako mwenyewe." Alilifungua katikati. "'Leo shati la bluu limenyooka.' Limenyooka! Lililala, likaamka, likajipiga pasi?"

"Fundi..."

"Nyamaza, bado. 'Kifungo cha tatu kimerudi mahali pake.' Kilikuwa wapi, safarini? Kilituaga?"

Pembe ya mdomo wa Besi ilitikisika.

"Cheka, baba. Cheka. Mwenzio nimelia mpaka pua imeziba. 'Chai ya tangawizi haikupoa mpaka saa tisa.' 'Kiti cha ukumbini hakina mikono, gitaa limekaa vizuri.' 'Mvua imesubiri tumalize kupakia vyombo.' 'Mbwa wa jirani amenyamaza wakati wa mazoezi.' Na hii hapa..." Aliusogeza ukurasa mwangani. "'Soksi mbili za rangi moja.'"

Alilishusha daftari. Kila Jumapili mchana alikaa dirishani na soksi za mume wake, akazigeuza mwangani moja moja, maana nyeusi na ile ya bluu iliyokolea hufanana kama pacha, na mwanamuziki hukunja nne jukwaani, ukumbi mzima ukaona. Hakuna aliyemtuma. Alizipanga kwa mapenzi.

"Mwaka mzima wa shukrani, Besi. Nimesoma kuanzia lilipofunguka mpaka ukurasa wa mwisho. Kiti kimeshukuriwa, mvua imeshukuriwa. Mbwa akinyamaza anaandikwa kwenye kitabu. Mimi nikinyamaza naandikwa wapi?"

Kabla Besi hajajibu, sauti nzito ilipanda ngazi na kuwatangulia mlangoni.

"Hodi! Nani aliyeacha msumari kwenye hizi ngazi? Amekusudia kuwavua wazee nguo?"

Alikuwa mama yake Fundi. Aliingia akichechemea kwa ajili ya goti, kashika upindo wa gauni uliofumuka mpaka karibu na kisigino.

"Shikamoo mama," walisema wote wawili kwa pamoja.

"Marahaba." Alimpima mkwewe kuanzia miguuni kwenda juu. "Huna shati?"

"Ninalo, mama. Hili hapa."

"Basi livae. Maneno mazito hayasikilizwi na fulana." Alijitupa ukingoni mwa kitanda, akaliona furushi. "Umeshafunga? Vizuri. Basi linaondoka saa saba. Nilisema mimi, tangu siku ile walipokuja kuposa. Nilisema, mpiga muziki amezoea makofi, humpenda anayempigia makofi. Wewe utampigiaje, na sufuria iko mkononi?"

"Ulisema, mama."

"Nikaambiwa nimezeeka."

"Hakuna aliyesema umezeeka."

"Ulisema kwa macho."

Besi alikuwa anafunga vifungo vya shati. Alipofika cha tatu alisimama, akakishika kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa. Kisha akainua uso, akamtazama mkewe. Fundi alijua macho yale. Ndiyo aliyoyaona kwa mara ya kwanza kwenye harusi ya watu, siku aliyokwenda kumrekebishia bibi harusi kiuno cha gauni. Watu wote walimtazama mwimbaji, yeye akamtazama yule wa nyuma kabisa, aliyefumba macho kila alipofika penye utamu.

"Ulianza kusoma wapi?" Besi aliuliza.

"Nimekwambia. Lilipofunguka."

"Hukurudi nyuma?"

"Nirudi nyuma nimesahau nini? Viatu?"

"Nyuma kuna kitu."

Mama alikohoa. "Kijana, kama una la kusema, liseme. Huko basini hawatungojei."

Besi hakuwa mtu wa hadithi. Alizoea kusema kwa nyuzi nne, nazo zilikuwa zimefungwa ndani ya begi. Lakini alivuta pumzi, akaanza.

"Mwaka jana bendi ilikuwa inakufa kwa manung'uniko. Ukumbi una joto. Watu wanakula wakati tunapiga. Mshereheshaji anaongea juu ya wimbo. Mtu anashika chombo chake kama ameshika mzigo wa kuni. Basi Kiongozi wetu, yule wa tarumbeta, akaweka sheria. Hakuna kugusa chombo kabla ya kila mtu kutaja neema moja ya siku hiyo. Ndogo, ya kawaida. Na isiwe uliyokwisha kuitaja. Ukirudia, unabeba maspika yote peke yako."

Fundi aligeuza shingo. Vyombo vya bendi vilikaa stoo, chini ya jengo lao, na kutoka dirishani alizoea kuwaona wakipakia gari. Mara nyingine mmoja alibeba peke yake, wenzake wamekaa ukutani wanacheka. Alidhani ni zamu.

"Kwa hiyo ndiyo maana unaandika," alisema polepole.

"Ili nisirudie."

"Na umetaja soksi."

"Nimetaja soksi." Alilichukua daftari mikononi mwake, akalirudisha mpaka ukurasa wa kwanza kabisa, akampa. "Soma wewe. Mimi nitaharibu."

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza uliandikwa kwa mwandiko wa Besi ulioinama: *Mke wangu.*

Wa pili: *Mke wangu.* Huo ulikatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni mwandiko mwingine, mnene kama wa mwalimu, uliandika: *Imerudiwa. Spika sita.*

Wa tatu: *Yule anayenipigia pasi.* Nao ulikatwa kwa wekundu ule ule. *Ni yule yule. Usitufanye watoto. Spika sita.*

Fundi alisoma mara moja. Akasoma tena. Herufi zilianza kuogelea.

"Siku zile mbili za mgongo," alinong'ona.

"Ndizo. Ulinikanda kwa maji ya moto. Ukaniuliza nimefanya nini, nikasema kazi."

"Ulisema kazi."

"Nikaona mgongo hautanifikisha mwisho wa mwaka. Nikaamua kukutaja vipande vipande. Wewe siwezi, sheria inakataa. Lakini kifungo je? Chai je? Hawawezi kunizuia kusema soksi." Aliitazama sakafu. "Kila ukurasa humo ni wewe, isipokuwa mvua, kiti na mbwa. Wenzangu wanajua. Nikisema 'shati', mpiga ngoma anasema, 'Huyo anamtaja mkewe tena kwa mlango wa nyuma.'"

Mama aliacha kulisugua goti lake.

Nanyi wanangu mnaosoma, najua mnachongoja. Mnangoja Fundi ajirushe kifuani, mkono shingoni, hadithi iishe. Ngojeni kwanza. Machozi yalimtoka, ni kweli, na miguu ilitaka kwenda. Lakini mtu aliyeumia mwaka mzima hatibiwi na ukurasa mmoja, na atakayewaambia hivyo anawauzia gunzi kwa bei ya mahindi.

"Kwa hiyo tarumbeta inajua," alisema Fundi, akijifuta kwa kiganja. "Ngoma inajua. Kinanda nacho bila shaka kinajua."

"Wote wanajua."

"Wote wanajua unavyoniona, isipokuwa mimi."

"Nilidhani unajua."

"Ningejulia wapi, Besi? Kwenye soksi?" Alimsogelea hatua moja. "Unakumbuka neno la kwanza nililokwambia?"

Besi aliinua kichwa. Ungedhani mtu kaufungua mlango wa jua usoni pake. "Ulikuwa na pini mdomoni. Ukasema, 'Wewe wa nyuma, nimekusikia.'"

"Ukafanyaje?"

"Nikakosea wimbo uliofuata wote."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu..." Alitafuta. "Nilikuwa nimepiga miaka tisa. Watu humsifu mwimbaji, humsifu wa tarumbeta. Besi husikika siku ikikosekana. Hakuna aliyewahi kuniambia kanisikia."

"Basi ulijua inavyouma," alisema Fundi kwa sauti ndogo. "Ulijua kuliko mtu yeyote. Na ukaniacha niumwe nayo."

Hilo lilimpata. Lilimpata pale ambapo maelezo hayafiki. Mikono yake mirefu ilining'inia tu, na kidole kile hakikugonga tena.

"Nisamehe," alisema.

"Sitaki kuombwa radhi. Nataka lile ulilowapa wao."

"Wao niliwatajia shati..."

"Bila shati. Bila chai. Sipo kwenye mazoezi hapa, hakuna spika."

Walisimama wanatazamana, nao hawakuwa wametazamana hivyo kwa miezi mingi, maana watu wa nyumba moja huonana tu, kama mtu anavyoona ukuta. Fundi aliona mvi moja mpya juu ya sikio la mume wake. Alishangaa iliingia lini bila yeye kuisajili.

"Asante," alisema Besi. Sauti ilitoka na kutu, akakohoa, akaanza tena. "Asante, mke wangu. Si ya kitu. Asante kwamba nikipanda ngazi zile, juu yupo mtu, na mtu huyo ni wewe."

Hapo ndipo mama alipocheka. Hakikuwa kicheko cha furaha, wala cha dharau. Kilikuwa kile kinachotoka mtu asipotaka kulia mbele ya mkwe.

"Mama?" Fundi alimgeukia.

"Baba yako alikuwa na 'haya'," alisema mama. "Unakumbuka? Nikimwekea chakula, 'haya'. Nikimpa maji ya kuoga, 'haya'. Nilipokuzaa wewe, nikamwambia ni msichana, akasema 'haya'. Miaka thelathini na mmoja. Siku ya mwisho kule hospitali nilimfunika shuka mpaka kifuani, akanitazama, akasema 'haya'. Akaenda zake." Aliuvuta upindo wake uliofumuka, akauviringisha kidoleni. "Mpaka leo sijui ile haya ilikuwa na nini ndani. Nimeifungua kila upande. Labda ilijaa. Labda ilikuwa tupu. Nimuulize nani?"

Fundi alikaa chini karibu naye, akamshika mkono.

"Mimi sikukataa gitaa," mama aliendelea, akimtazama Besi, na safari hii hakumpima. "Watu walidhani nakataa gitaa. Nilikaa nawe siku nzima ile ya posa, ukasema maneno saba. Niliyahesabu. Nikaogopa. Nakijua kimya, baba. Nimelala nacho kitanda kimoja. Sikutaka mwanangu naye aje azeeke anafungua neno la marehemu."

"Mama," alisema Besi, "nimesikia."

"Kusikia ni bure. Kesho utasema?"

"Nitasema."

"Na keshokutwa?"

Kabla hajajibu, sauti ya Kiongozi ilipanda kutoka uani. "Besi! Bibi harusi wa watu ameshapakwa poda, sisi bado! Shuka!"

Besi alichukua begi la gitaa, lile lenye mkanda mpya. Mlangoni alisimama. Alitazama furushi sakafuni, akamtazama mkewe. Hakuthubutu kuuliza kwa mdomo, akauliza kwa macho.

"Nenda kazini," alisema Fundi. "Mtu hajibiwi akiwa amechelewa."

Hatua zake zilishuka ngazi, nzito, bila haraka, kama mdundo wa chombo chake. Fundi alijizuia kwa kuhesabu mpaka tano, kisha akaenda dirishani. Mama alimfuata, goti na yote.

Chini, wanaume watano walikuwa wamesimama duara kando ya gari, vyombo bado viko stoo. Maneno hayakufika juu, lakini midomo ilionekana. Mpiga ngoma alisema lake, akaonyesha viatu vyake, wakatikisa vichwa. Wa kinanda akasema lake. Mwimbaji naye. Zamu ikafika kwa Besi.

Hakufungua daftari. Aliinua uso mpaka ghorofa ya tatu, mpaka dirishani, akamwona, na akiwa bado anamtazama akasema maneno mawili.

Palizuka kelele. Mpiga ngoma alishika kichwa. Kiongozi alinyoosha mkono kuelekea stoo, kama refa anayemtoa mchezaji uwanjani, na wengine wote wakaenda kukaa ukutani wanacheka. Besi alilaza gitaa lake garini kwa adabu. Kisha akaingia stoo, akatoka na spika ya kwanza begani, na shati lile la bluu likaanza kukunjamana vibaya sana.

"Kwani kafanya kosa gani?" mama aliuliza.

Fundi alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Karudia, mama."

Mama alitazama mpaka spika ya pili ilipoingia garini. Kisha akarudi kitandani, akaketi, akasema kana kwamba anaongea na upindo wa gauni lake, "Hebu fungua hilo furushi. Siwezi kupanda basi nimeburura gauni kama ufagio."

"Utapanda peke yako?"

"Kwani wewe una safari?"

Fundi alifungua fundo. Mama alivua gauni, akajifunga lile shuka, akajikalisha kama malkia aliyefilisika. Sindano ilizama kwenye kitambaa, gurudumu likazunguka laini, bila hata mlio.

"Hii cherehani yako ina raha," alisema mama. "Yangu hulia kama mbuzi. Unaitia mafuta lini?"

"Siitii..."

Mkono wa Fundi ulisimama kwenye gurudumu. Alitazama lile doa kwenye shuka, begani kwa mama yake. Mafuta mabichi. Miaka mitatu ameshonea mashine hii, na hajawahi kununua hata kichupa kimoja. Alidhani ni mashine nzuri tu. Naye pia alikuwa ameishukuru mashine.

Alikimbilia dirishani, akajitoa nusu mwili nje.

"Besi! Ni wewe unayeitia mafuta cherehani?"

Alikuwa na spika ya tano begani, shingo imepinda. "Kila Ijumaa!"

"Mbona hukusema?"

"Mbona hukuuliza?"

Ukutani wakapiga makofi kama wako ukumbini. Fundi hakuwajali. Alijaza kifua chake hewa, na mtaa mzima ukasikia, na mbwa wa jirani akaamka akaanza kubweka. "Asante!"

"Anauliza, akukute hapa jioni, asikukute?" Kiongozi alipaza sauti kwa niaba ya mtu ambaye pumzi zilikuwa zimemwishia.

"Mwambie arudi na shati hilo! Nani mwingine atalinyoosha?"

Alirudi kwenye mashine, uso unamwaka, akamaliza upindo kwa mshono mmoja mnyoofu. Akakata uzi kwa meno, akalikunja gauni, akampa mama yake.

Mama alilipokea. Alilipitisha kidole kwenye mshono, akakubali kwa kichwa.

"Haya," alisema.

Neno likatua katikati yao. Mama alibaki na gauni mapajani, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyesikia marehemu akikohoa chumba cha pili.

"Nimesikia nilichosema," alisema hatimaye. Akameza mate, akalishika gauni kwa mikono yote miwili. "Asante, mwanangu." Akavuta pumzi, akashangaa. "Ee! Kumbe neno hili likitoka mara ya kwanza hulia, kama cherehani isiyo na mafuta."